Mara ya Pili, Fuata Kinyago

(Mhadhara uliotolewa Kisumu mbele ya wapenzi wa filamu, kabla ya filamu ya Ousmane Sembène kuonyeshwa kwa mara ya pili.)

Asanteni. Mwenyekiti amenimwagia sifa ambazo hata mama yangu angezitilia shaka, kwa hivyo tuziache hapo tuingie kazini kabla mvua ya ziwani haijaanza kupigana na mabati.

Wengi wenu mlikuwa hapa wiki iliyopita tulipoitazama *La Noire de…*, filamu ya Sembène ya mwaka 1966. Taa zilipowashwa, swali lilitoka kila pembe na lilikuwa lilelile: yule mtoto anayeonekana mwishoni na kinyago cha kuvaa usoni ana maana gani? Kuna kijana pale nyuma alikuwa ameshatoa simu, anatafuta YouTube mtu wa kumfafanulia mwisho. Simlaumu. Sisi tuliosoma shule za nchi hii tumelelewa na miongozo. Riwaya hujaifungua, lakini mwongozo wake umeukariri: maudhui haya, wahusika hawa, mbinu hizi, mtihani umepita. Tukiingia kwenye sinema tunaingia na kiu ileile, tupewe jibu twende nyumbani.

Mimi nimekuja na ombi moja. Filamu nzito ukiiuliza "unamaanisha nini?" itakunyamazia. Chagua kitu kimoja ndani yake, kitu cha kushikika, ukifuate toka mwanzo hadi mwisho. Kiko wapi? Kimeshikwa na nani? Nani amekitoa, nani amekidai? Kazi hii huwezi kuifanya mara ya kwanza, kwa sababu mara ya kwanza unakimbizana na hadithi: atapona, hatapona, ataolewa, atarudi. Mara ya pili hadithi unaijua, na macho yako yako huru.

Na msidhani kurudia filamu ni ugonjwa wa maprofesa. Waliokulia mitaa yetu ya Kondele au Nyalenda wanakumbuka kibanda cha video, benchi la mbao, pazia jeusi dirishani, na sauti ya DJ Afro, msimulizi wetu wa filamu kwa Kiswahili, imepanda juu ya filamu ya mapigano kutoka Hong Kong au India. Watu waliirudia filamu ileile mara nyingi mno, na wote walijua stelingi hafi. Walikuwa wanarudia nini basi? Walirudia kuona namna: pale anapoinuka, pale adui anapogeuka, lile neno ambalo DJ atalitia. DJ Afro ni mfasiri, tusimdharau. Ila ana hatari yake: anapozungumza yeye, wewe unaacha kutazama pembeni. Anakuonyesha stelingi tu. (Vicheko.)

Bila shaka zipo filamu ambazo kurudia hakuzisaidii. Siri yake ni moja, imefichwa hadi dakika ya mwisho, na ikifichuka umebaki na ganda. Hizo ni kama kitendawili: kikishateguliwa, hakitegwi tena kwa mtu yuleyule. Nazipenda, nazitazama siku za Jumapili, lakini leo sizungumzii hizo.

Turudi kwa Sembène. Mjue kwanza alikuwa mtu wa namna gani. Alizaliwa Ziguinchor, kusini mwa Senegal, mwaka 1923. Alikuwa kuli wa bandari kule Marseille, akajifunza kuandika riwaya, kisha akatambua kwamba watu aliowaandikia wengi hawakuweza kusoma. Akaenda Moscow mwaka 1962 kusomea filamu. Sinema aliiita shule ya jioni. Mtu wa namna hii haweki kitu mbele ya kamera kwa sababu kinapendeza.

Hadithi mnaikumbuka. Diouana anafanya kazi ya kulea watoto kwa Wafaransa huko Dakar, wanamchukua hadi Antibes, Ufaransa, na akifika anageuzwa mpishi na mfagiaji ndani ya nyumba ambamo hatoki. Mwisho anajiua. Ni filamu fupi, kama saa moja hivi.

Sasa fuateni kinyago. Kwa kuwa Sembène anaanza na meli ikiingia Ufaransa, ndipo baadaye aturudishe Dakar, kinyago tunakutana nacho kwanza kikiwa ukutani Antibes. Kiko peke yake kwenye ukuta mweupe. Wiki iliyopita mlikiona kama pambo, na ndivyo mlivyotakiwa mkione, kwa sababu ndivyo wenye nyumba wanavyokiona. Baadaye tunarudishwa nyuma, tunagundua kilikuwa mikononi mwa mtoto wa mtaani kwao Diouana, na kwamba ni yeye Diouana aliyewapelekea matajiri wake kwa furaha ya kupata kazi. Kule Dakar wakakiweka pamoja na vinyago vingine walivyokuwa navyo. Angalieni tofauti hiyo leo. Dakar kina wenzake, Antibes kimetengwa. Diouana naye Dakar ana wenzake: kuna wanawake wanaoketi naye kandokando ya barabara wakisubiri kuchukuliwa kazi, kuna mpenzi, kuna jirani. Antibes hana hata mtu wa kumuuliza saa.

Hapo ndipo mtu hukimbilia kusema kinyago ni Diouana. Polepole. Ikiwa kinyago ni Diouana, mbona baadaye wanakigombania yeye na Madame, yule tajiri wake wa kike, kila mmoja anavuta kwake? Mtu hajigombanii mwenyewe. Pale ukutani kilikuwa pambo, lakini anapokitungua kinakuwa kitu chenye mwenyewe: nilikutoa mimi, nakurudisha mimi. Ni zawadi inayorudishwa kwa sababu aliyepewa hakustahili. Wazee wetu wa huku, Mjaluo au Mluhya, wanajua uzito wa kurudisha ulichokwisha kutoa au kupokea. Watu hawarudishiani ng'ombe wa mahari kwa mzaha.

Halafu Diouana amekufa. Bwana wa nyumba anarudi Dakar na sanduku la vitu vyake, na pesa, na kinyago. Mama mzazi anakataa pesa. Mtoto yule anachukua kinyago, anakivaa, anaanza kumfuata yule bwana. Bwana anaharakisha. Anageuka nyuma, mtoto yupo. Anafika kwenye gari lake, mtoto yupo. Filamu nzima kinyago kimekuwa kitu cha kutazamwa, na sasa kinatazama. Ndipo mtoto anakishusha tunauona uso wake.

Wiki iliyopita mzee mmoja alisema, "Kinyago ni Afrika." Kwa heshima zote, mzee wangu, hilo ni jibu la mwongozo. Haliwezi kukosea, na kwa hivyo halitusaidii. Afrika gani? Ile iliyotoa zawadi, ile iliyotundikwa, ile iliyovuta, au ile inayomfuata mtu hadi kwenye gari lake? Ukikifuata kitu chenyewe utalazimika kuchagua, na ukichagua utaweza kubishana na jirani yako kwa ushahidi. Bila ushahidi ni kelele za kilabuni.

Kuna kitu kingine ningependa wengine wakifuate: barua. Mama yake Diouana hajui kuandika. Barua inaandikwa na mwalimu (na mwalimu huyo ni Sembène mwenyewe, mtazameni vizuri). Ikifika Antibes, Diouana hajui kusoma, kwa hivyo anasomewa na bwana wake, na bwana huyohuyo anaanza kumwandikia majibu bila kumuuliza anataka kusema nini. Mama analalamika kwa sauti ya mwalimu, binti anajibu kwa mkono wa tajiri. Diouana anaichana. Mara ya kwanza unadhani ni hasira tu. Mara ya pili unaona ndiyo sentensi pekee aliyoitunga mwenyewe ndani ya nyumba ile.

(Hapa mama mmoja aliomba kusema. Alisema binti wa dadake yuko Saudi, kazi ya nyumbani, na kwamba siku hizi barua ni sauti ya WhatsApp, lakini binti anaporekodi wao husikia kuna mtu amesimama karibu naye.)

Asante, mama. Sina la kuongeza hapo. Nakuomba tu uifuate barua usiku huu kwa niaba yetu.

Niongeze jambo dogo. Mle ndani ya nyumba Diouana hasemi mengi, lakini kichwani mwake tunamsikia akizungumza Kifaransa fasaha. Sauti hiyo haikuwa ya mwigizaji, Mbissine Thérèse Diop. Iliingizwa baadaye na msanii kutoka Haiti, Toto Bissainthe. Je, mwelekezi alikusudia kutuambia kwamba hata mawazo ya Diouana yameazimwa sauti? Mimi nasema hapana, tusimpe mtunzi sifa ya kila kitu. Filamu hutengenezwa kwa pesa, na pesa huja na lugha yake; miaka miwili tu baadaye Sembène alitengeneza *Mandabi* akawapa watu wake Kiwolofu. Lakini sauti ya kuazima imo ndani ya filamu, tunaisikia, na mtazamaji hakatazwi kuuliza inamfanyia nini. Tofautisheni mambo mawili: alichokusudia mtu, na kilichopo kwenye kioo. La kwanza mara nyingi hatulijui. La pili liko mbele yetu.

Niwape mfano mmoja wa mbali, kisha tuzime taa. *Rashomon* ya Akira Kurosawa, Japani, mwaka 1950, iliyoshinda tuzo kuu ya Venice mwaka uliofuata. Samurai ameuawa msituni. Jambazi anasimulia lake, mke wa marehemu anasimulia lake, marehemu mwenyewe anasimulia kupitia kwa mganga aliyepandwa na roho yake, na mkata kuni aliyeikuta maiti ana lake. Hadithi nne hazipatani. Kurosawa alisimulia kwamba wasaidizi wake walimwendea kabla ya kazi kuanza wakasema hawaelewi hati ile. Akawaambia waisome tena. Ndiyo mhadhara wangu wote, kausema kwa maneno machache. (Vicheko.)

Watu wa Kisumu hawahitaji kuelezwa filamu hii. Dkt. Robert Ouko, waziri wetu wa mambo ya nje, aliuawa Februari 1990, mwili wake ukapatikana Got Alila, karibu na nyumbani kwake Koru. Wakaja wapelelezi wa Scotland Yard kutoka Uingereza, ikaja tume ya Jaji Gicheru iliyovunjwa mwaka 1991 kabla haijamaliza, ikaja kamati ya bunge miaka ya 2000. Tumezeeka tukisikiliza mashahidi. Ndiyo maana nachukia ninaposikia kwamba *Rashomon* inafundisha kuwa ukweli haupo, kila mtu na wake. Anayesema hivyo hajawahi kuzika mtu akiwa anataka kujua nani kamuua.

Rudini mkafuate kisu. Mke alikuwa na kisu cha thamani kilichonakshiwa lulu. Jambazi anaulizwa kilienda wapi, anajilaumu kwa kukisahau. Marehemu anasema mtu alikichomoa kifuani mwake. Mkata kuni naye, katikati ya mazungumzo, anaropoka kwamba hapakuwa na kisu, mtu aliuawa kwa upanga. Umejuaje? Ndipo mmoja wa wanaomsikiliza akisimulia haya chini ya lango bovu, mtu mkorofi, anapomkaba: kisu umekichukua wewe. Mkata kuni, mtu mwema wa hadithi, aliyekuwa akitikisa kichwa kuwasikitikia waongo wenzake, anakosa la kujibu. Kwa hivyo ukweli ulikuwepo, tena ulikuwa na uzito na bei sokoni. Uliibwa na shahidi. Mara ya kwanza hukuwa na sababu ya kumchunguza, kwa kuwa yeye ndiye aliyekukaribisha kwenye hadithi.

Na kwenye maswali ya mahakamani pale, hakimu haonekani wala hasikiki. Mashahidi wanaelekea kwetu. Kiti cha hakimu tumekikalia sisi, na sisi wenyewe kisu kilitupita.

Za nyumbani zinastahili macho hayohayo. *Nairobi Half Life* ya mwaka 2012, rudieni muangalie Mwas akiwa bado kijijini, anauza filamu kwa kuziigiza, risasi kwa mdomo, kufa kwa kuanguka chini. Tulicheka. Tazameni tena mkijua atakayoyaona Nairobi, mhesabu kinachomchekesha nani.

Swali la mwisho, kijana wangu wa simu.

("Na nikikifuata kitu hadi mwisho kisinifikishe popote?")

Badilisha kitu. Umefuata viatu, jaribu aproni. Umeshindwa na aproni, jaribu pesa: hesabu zinatoka mfuko gani kwenda mfuko gani na nani anazikataa. Ukijaribu vitu vitatu na vyote viko pale kama samani za kukodi, basi filamu ni tupu, sema hivyo bila aibu, hata kama imepewa tuzo. Zipo, na nyingine zinasifiwa sana.

Haya. Upande huu wa dirishani nyinyi ni kinyago. Katikati, barua pamoja na mama. Upande wa mlango, pesa. Simu mfukoni, asitokee DJ katikati yetu. Tutabishana taa zikiwashwa.