Ukipima Ebola, Utajibiwa Ebola Tu

Ndugu Mwenyekiti, walimu, wanafunzi wa utabibu na uuguzi, na nyinyi wazee wetu mliofika, shikamooni.

Nianzie Ruangwa, mkoani Lindi. Mwanzoni mwa Julai 2022 walipatikana wagonjwa wenye homa, kichwa kuuma, mwili kuchoka, na damu kutoka puani. Hiyo damu ya puani ndiyo iliyotia watu hofu. Sampuli zikapimwa Ebola, hakuna. Marburg, hakuna. UVIKO-19, hakuna. Na mnatujua sisi: jibu la "hakuna" likitoka mara tatu, mtu hasemi afadhali, anasema kuna kitu kinafichwa. Julai 18 Waziri wa Afya wa wakati huo, Ummy Mwalimu, akatangaza kuwa ni leptospirosisi, yaani homa ya mgunda, ugonjwa wa bakteria tunaoupata kwa wanyama kama panya. Wagonjwa 20, vifo 3.

Hebu tusimame hapo kidogo. Vile vipimo vya mwanzo havikukosea. Kila kimoja kilijibu sawasawa swali kilichoulizwa. Aliyeuliza Ebola alijibiwa Ebola. Leo nataka tuzungumze juu ya hilo swali, kwa sababu mashine tunazisifu sana na swali tunalisahau.

Ukitaja vinasaba hapa kwetu, wengi wanamkumbuka Mkemia Mkuu wa Serikali na mashauri ya mtoto ni wa nani. (Kicheko.) Sayansi ni ileile, ila leo hatumtafuti baba. Tunamtafuta kijidudu ndani ya damu ambayo karibu yote imejaa vinasaba vya mgonjwa mwenyewe.

Kipimo cha PCR alikibuni Mmarekani, Kary Mullis, mwaka 1983, na wengi wetu tulikijua wakati wa UVIKO tulipochomekwa kijiti puani. Kinafanya kazi hivi. Vinatengenezwa vipande vifupi vya vinasaba, tunaviita praima, vinavyolingana na sehemu fulani ya kijidudu unayemtafuta. Kwa leptospira, yaani bakteria wa homa ya mgunda, maabara nyingi hulenga jeni iitwayo lipL32, kwa kuwa leptospira wanaoleta maradhi wanayo, wale wasio na madhara hawana. Praima ikikutana na mwenzake inanasa, kimeng'enya kinanakili, mashine inapasha moto hadi karibu nyuzi 95, inapoza, inarudia. Kila mzunguko nakala zinaongezeka maradufu. Mizunguko 30 ikienda vizuri, nakala moja imezaa zaidi ya bilioni moja.

Lakini ni sawa na kusimama mlangoni kwenye shughuli ukaita, "Mwanahamisi!" Kama yupo, atageuka. Mwanaidi aliyekaa mbele yako hatageuka, nawe utaondoka ukisema ndani hamna mtu.

Na hata ukiita jina lenyewe, kuna siku zake. Leptospira hukaa kwenye damu takriban wiki ya kwanza ya homa. Kinga ya mwili ikianza kumwandama, anatoweka kwenye damu, anabaki kwenye figo na kutoka na mkojo. Sasa mchukue mgonjwa wetu wa kawaida. Anaanza na panadol ya dukani. Siku ya tatu anameza mseto bila kupimwa malaria. Siku ya tano jirani anamgawia antibayotiki zilizobaki. Kituoni anafika siku ya tisa. Ukimtoa damu siku hiyo ukaipeleka PCR, jibu la "hakuna" halijakwambia kitu. Siku hiyo ulitakiwa uchukue mkojo pia, na seramu, yale majimaji ya damu, ya kutafutia kingamwili, yaani silaha ambazo mwili umezitengeneza dhidi ya kijidudu.

Mtasema haya ni magonjwa adimu, kwa nini tujisumbue. Kule Moshi, katika hospitali za KCMC na Mawenzi, mwaka 2007 na 2008 walifuatiliwa wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa. Madaktari waliwaandikia malaria 528. Waliokuwa nayo kweli, kwa kipimo makini, ni 14. Miongoni mwa waliobaki zikapatikana leptospirosisi, brusela, homa ya Q, chikungunya. Kwa maoni yangu, sehemu kubwa ya uadimu huo tumeutengeneza sisi wenyewe kwa kutopima.

Kuna shida nyingine, na hii inanikosesha usingizi zaidi. Kamituga ni mji wa wachimba dhahabu huko Kivu Kusini, Kongo, kwa ndugu zetu wa Kiswahili. Mwishoni mwa 2023 ulizuka mpox, ugonjwa wa virusi unaotoa vipele. PCR iliyotengenezwa mahsusi kwa kundi la kwanza la virusi hivyo, lile la Afrika ya Kati, ikawa haimwoni. PCR pana, inayokamata ukoo mzima, ikamwona. Waliposoma mpangilio wote wa vinasaba vyake wakakuta kirusi kimepoteza kipande kilekile ambacho praima ilitengenezewa. Tawi hilo sasa linaitwa Ib, na katikati ya 2024 lilikuwa limeshafika Burundi, Rwanda, Uganda na Kenya. Kumbe hata swali zuri huchakaa.

Njia ya kutoka hapo ni kusoma vinasaba vyote vilivyomo kwenye sampuli bila kumtaja yeyote. Mwaka 2014 madaktari wa Marekani walichapisha habari za mvulana wa miaka 14, mwenye kinga dhaifu ya kuzaliwa, aliyelazwa mara tatu katika miezi minne kwa homa na ubongo kuvimba. Vipimo vya kawaida vya leptospira vilisema hakuna. Wakachukua maji ya uti wa mgongo, wakasoma vipande zaidi ya milioni 3 vya vinasaba. Vipande 475 vilikuwa vya leptospira. Akapewa penisilini, dawa ya zamani na ya bei ndogo, akapona akarudi nyumbani.

Msitoke hapa mkidai mashine hiyo ya kusoma vinasaba vyote kila wilaya. Ni ghali, inataka wachambuzi, na hunasa pia bakteria wa ngozi na wa kwenye kemikali za maabara. Pesa ningepewa mimi, ningeanza na usafirishaji wa sampuli kutoka zahanati, na PCR inayouliza magonjwa kadhaa kwa mpigo.

Na fomu. Nendeni mkaziangalie zinazofika maabara. Kwenye maelezo ya mgonjwa pameandikwa neno moja: "homa." Tarehe ilipoanza, wazi. Kazi, wazi. Ikiwa mtu analima mpunga, anachinja, au ghalani kwake panya wamejaa, tungejua tuanze kumuita nani. Chupa nayo imekuja na kofia ya kijani, yaani ina heparini, dawa ya kuzuia damu isigande, na heparini huzuia kimeng'enya cha PCR. Tumieni ya zambarau.

(Swali kutoka kwa tabibu: jibu likichelewa wiki mbili, mgonjwa nimfanyeje?)

Usimsubirishe, mwanangu. Ukiwa na shaka ya homa ya mgunda, chukua sampuli kwanza, kisha anza doksisaiklini, au penisilini ya sindano kwa aliyezidiwa. Jibu litakukuta katikati ya dozi. Na mwambie arudi baada ya wiki mbili umtoe damu tena, kwa sababu kingamwili zikiwa zimepanda mara nne kuliko mwanzo, utakuwa umepata jibu hata kama PCR ilisema hakuna.