Mwarobaini Ndani ya Asidi: Kupima Kama Kweli Unakinga Chuma

Ndugu wasikilizaji, chuma kikichovywa kwenye asidi hidrokloriki kung'oa kutu, asidi haiishii kwenye kutu. Inahamia kwenye chuma chenyewe, na mapovu yanayopanda ni haidrojeni. Viwandani huongezwa dawa ya kukikinga, na baadhi ya dawa hizo, kama alkoholi ya propajili, ni sumu kali. Majani ya mwarobaini yana tanini na flavonoidi. Molekuli hizi hunata kwenye uso wa chuma kwa elektroni za oksijeni na za pete zao za kaboni, zikafanya utando.

Kausha majani kivulini, yasage. Gramu 10 za unga zipashe katika nusu lita ya maji kwa nyuzi 80, saa nzima, kisha chuja. Tumia chombo cha kioo. Kwenye sufuria ya chuma tanini itashikana na sufuria, maji yawe meusi, na dawa imekwisha kabla ya kazi. Weka kwenye friji, maana huchacha upesi.

Asidi ya 1 M, yaani moli moja kwa lita, ni mililita 83 za ile ya asilimia 37, zimiminwe ndani ya maji, kisha ongeza maji hadi lita moja. Kamwe usimimine maji ndani ya asidi.

Hapa ndipo wengi hukosea, na naomba mnisikilize vizuri. Ukitia mililita 100 za maji ya majani kwenye mililita 900 za asidi, umeizimua asidi. Chuma kitaliwa kidogo, nawe utausifu mwarobaini bure. Chombo cha kulinganishia lazima kitiwe maji matupu kiasi kilekile.

Vipande vya chuma, sentimita 4 kwa 2, vipigwe msasa kuanzia namba 220 hadi 600, vioshwe kwa asetoni, vipimwe hadi gramu 0.0001. Tundika vitatu kila chombo kwa uzi wa nailoni. Waya wa shaba utaharakisha kuliwa kwa chuma. Baada ya saa 6 kwa nyuzi 30, vioshe, vikaushe, vipime tena. Tuseme kwenye maji matupu kimepungua gramu 0.060, kwenye mwarobaini 0.009: ufanisi ni asilimia 85.

Rudia kwa nyuzi 60. Ufanisi ukiporomoka, utando ulinata kwa mvutano dhaifu tu, haufai kwa asidi ya moto. Kisha tazama kila kipande kwa lenzi, kwani mizani haioni vishimo, na kishimo kimoja hutoboa bomba.