Hewa ya Tabora na Kipimo cha Mionzi ya Tiba

Waheshimiwa viongozi, walimu wetu, wauguzi na wahudumu wa afya, wanafunzi wa vyuo na wa sekondari mliofika, mabibi na mabwana, nawashukuru kwa kuitikia mwaliko huu. Nimeombwa nizungumze juu ya upimaji wa dozi katika tiba ya mionzi, somo ambalo kwa kawaida husikika ndani ya vyumba vya wataalamu wa fizikia tiba, na mara chache sana nje ya hapo.

Wengi wenu mmewahi kumsindikiza mgonjwa wa saratani hadi stesheni au stendi ya mabasi, akielekea Bugando kule Mwanza au Ocean Road kule Dar es Salaam. Baada ya wiki kadhaa hurudi na karatasi iliyoandikwa, kwa mfano, kwamba amepokea grei 50 katika vipindi 25, yaani grei 2 kila siku ya kazi. Daktari aliye hapa Tabora, katika hospitali yetu ya Kitete, akiisoma karatasi hiyo huiamini, na anafanya sawa kuiamini. Swali langu la leo ni hili: aliyeandika 50 alijuaje kwamba ilikuwa 50, na si 43 wala 58? Mionzi haionekani, haina harufu, na mgonjwa aliyelala chini ya mashine hasikii maumivu yoyote inapompitia.

Tuanze na sababu ya kujali tofauti hiyo. Seli za uvimbe na seli za mwili zilizo jirani nao huathiriwa na mionzi ileile, na nafasi iliyopo kati ya dozi inayoua uvimbe na dozi inayoharibu kibofu au utumbo mpana ni nyembamba. Katika eneo hilo jembamba, dozi ikipungua kwa asilimia 5 tu, uwezekano wa kuumaliza uvimbe waweza kushuka kwa asilimia 10 hadi 20. Ikizidi kwa kiasi hichohicho, madhara kwa viungo vyenye afya huweza kuongezeka kwa kiwango kikubwa zaidi. Ndiyo maana mwaka 1976 Tume ya Kimataifa ya Vizio na Vipimo vya Mionzi ilipendekeza kwamba dozi inayomfikia mgonjwa isikosewe kwa zaidi ya asilimia 5. Kumbukeni kwamba hiyo ni jumla ya makosa yote: ya mashine, ya hesabu, ya kumlaza mgonjwa, na ya kipimo chenyewe. Anayepima mashine, kwa hiyo, hana ruhusa ya kuitumia asilimia 5 yote peke yake. Yeye hutakiwa abaki ndani ya 1 au 2.

Sasa, grei ni nini? Ni kiasi cha nishati kinachobaki mwilini: juli moja kwa kila kilo moja ya nyama. Kizio hicho kilipewa mwaka 1975 jina la Louis Harold Gray, mwanafizikia Mwingereza. Nishati hiyo ni ndogo mno. Grei 1 ikiingia katika maji huyapandisha joto kwa takriban sehemu moja ya elfu nne ya digrii moja ya sentigredi, ingawa grei 4 au 5 zikimpata mtu mwili mzima kwa mara moja bila matibabu zaweza kumuua. Mionzi haiui kwa joto. Huua kwa kukata nyuzi za vinasaba ndani ya seli. Zipo maabara chache za viwango vya juu duniani ambazo hupima kupanda huko kwa joto ndani ya maji yaliyotulizwa kwa uangalifu mkubwa, na hapo ndipo thamani ya grei inapoanzia. Hospitali haiwezi kazi hiyo. Hospitali hutumia kifaa kingine, na ni juu ya kifaa hicho ningependa tukae kwa muda.

Kifaa hicho huitwa chemba ya ioni. Aina inayotumika zaidi hufuata mfano uliobuniwa na Frank Farmer wa Newcastle, Uingereza, mwaka 1955: kijibomba chembamba kuliko kidole, chenye kuta za grafiti au plastiki, na ndani yake nafasi ya sentimita za ujazo 0.6 hivi. Ndani ya nafasi hiyo hakuna kitu cha ajabu, ni hewa tu. Mionzi ikipita, huzing'oa elektroni kutoka katika chembe za hewa. Umeme uliowekwa kati ya ukuta na sindano ya katikati huzikusanya chaji hizo, na elektrometa iliyoko nje ya chumba huzihesabu. Nishati inayohitajika kuzalisha chaji katika hewa kavu inajulikana vizuri, nayo ni juli 33.97 kwa kila kulombu, yaani kizio cha chaji. Kwa chemba ya kawaida ya aina hii, grei 1 huleta kama nanokulombu 20, yaani sehemu 20 za bilioni za kulombu. Chemba hutumbukizwa katika tangi la maji, kwa kawaida kwenye kina cha sentimita 10, kwa sababu sehemu kubwa ya mwili wetu ni maji na kwa sababu maji ni yaleyale kila mahali.

Hewa, kinyume chake, haiko vilevile kila mahali, na hapa Tabora inaingia katika hesabu. Chemba hizi hazijazibwa, hivyo hewa ya ndani hulingana na hewa ya nje. Cheti kinachokuja na chemba kutoka maabara ya viwango, iwe ya ng'ambo au maabara ya daraja la pili kama ile ya Tume ya Nguvu za Atomi Tanzania iliyopo Arusha, hutaja thamani inayohusu nyuzi joto 20 na mgandamizo wa hewa wa kilopaskali 101.325, yaani hewa ya usawa wa bahari. Sisi hapa tuko mita 1,200 hivi juu ya bahari, na mgandamizo wa hewa yetu ni kama kilopaskali 88. Mama anayepika maharage Tabora hutumia maji yanayochemka kwenye nyuzi joto 96 badala ya 100 kwa sababu hiyohiyo. Hewa ikiwa nyepesi, chembe zilizomo ndani ya chemba ni chache. Chembe zikiwa chache, chaji zinazokusanywa hupungua, ijapokuwa mashine imetoa dozi ileile.

Tufanye hesabu, na wanafunzi wa fizikia naomba mnisahihishe nikiteleza. Chukueni siku yenye nyuzi joto 25 na mgandamizo wa kilopaskali 88. Uwiano wa joto, kwa kipimo cha Kelvin (nyuzi joto tulizozoea ukiziongezea 273.15), ni 298.15 kwa 293.15, yaani 1.017. Uwiano wa mgandamizo ni 101.325 kwa 88, yaani 1.151. Tukizidisha tunapata 1.171. Mashine ikitoa grei 1 kamili, elektrometa itaonyesha nanokulombu 17.1 badala ya 20, na mpimaji anatakiwa azidishe 17.1 kwa 1.171 ili airudishe 20 yake. Asipofanya hivyo ataamini kwamba mashine imetoa grei 0.85. Ataiona dhaifu, atarefusha muda wa matibabu, na mgonjwa aliyeandikiwa grei 50 atapata 58 na nusu, huku karatasi yake ikisema 50. Kwenye ufukwe wa Kigoma, ambako mwinuko ni kama mita 775, kosa la mgandamizo peke yake lingekuwa karibu asilimia 10. Mwanza hali inakaribiana na yetu.

Mtasema hakuna mtaalamu anayeweza kusahau jambo hilo. Kulisahau kabisa ni nadra, nakubali. Ni somo la wiki ya kwanza. Hatari iliyo kubwa zaidi ni kukumbuka kusahihisha na kusahihisha kwa namba isiyo yake. Ukimwomba mtu wa kiwanja cha ndege akutajie mgandamizo, huenda akakupa ile anayompa rubani, ambayo imekwisha kurekebishwa ili ionekane kama kiwanja kiko usawa wa bahari. Utaambiwa milibari 1,013, yaani kilopaskali 101.3, au karibu na hapo. Programu nyingi za hali ya hewa kwenye simu nazo hufanya hivyohivyo: fungueni simu zenu sasa, mtaona Tabora imepewa namba inayofaa Tanga. Namba hiyo ni sahihi kabisa kwa kazi iliyokusudiwa, nayo ni kosa la asilimia 15 ikiingizwa katika kanuni ya dozi. Mpimaji aliyeitumia ataona karatasi yake imejaa, safu ya marekebisho haina pengo, na hakuna kitakachomshtua.

Joto nalo lina mtego wake, ingawa ni mdogo. Kinachotakiwa ni joto la hewa iliyo ndani ya chemba, na chemba imo ndani ya maji. Maji yaliyotoka bombani asubuhi yanaweza kutofautiana na chumba kwa nyuzi kadhaa, na kila nyuzi 3 ni kama asilimia 1. Kwa hiyo tangi hujazwa mapema likaachwa litulie. Unyevu wa hewa hauna uzito mkubwa. Yapo pia marekebisho ya chaji zinazoungana tena kabla hazijakusanywa, na ya mwelekeo wa umeme, ambayo mwongozo wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, uliotolewa mwaka 2000 na kufanyiwa marekebisho 2024, unayaeleza hatua kwa hatua. Sitawachosha nayo.

Lakini muda wa mashine lazima niuseme. Mashine za kobalti, ambazo zimehudumia nchi nyingi za Afrika kwa miongo mingi, hudhoofika zenyewe: nguvu ya kobalti-60 hupungua hadi nusu kwa miaka 5.27, yaani kiasi cha asilimia 1.1 kila mwezi, hivyo jedwali la dakika za matibabu huandikwa upya mara kwa mara. Mwaka 1996, katika hospitali moja ya San José, Costa Rica, chanzo cha kobalti kilichozeeka kilibadilishwa na kuwekwa kipya. Katika kupima, sehemu 0.3 ya dakika, ambayo ni sekunde 18, ilihesabiwa kuwa sekunde 30. Chanzo kikaonekana dhaifu kuliko kilivyokuwa, na wagonjwa 115 wakapewa dozi iliyozidi kwa zaidi ya nusu kabla ya kosa kugunduliwa. Baadhi yao walifariki.

Kosa la kuzidisha hujitokeza, kwa kuwa ngozi huungua na utumbo hutoa damu. Kosa la kupunguza halionekani kwa macho. Huko Stoke-on-Trent, Uingereza, kuanzia 1982 hadi 1991, wagonjwa zaidi ya 1,000 walipewa dozi pungufu, kati ya asilimia 5 na 30 hivi, kwa sababu marekebisho ya umbali yaliyokwisha kufanywa na kompyuta yalifanywa tena kwa mkono. Kwa karibu miaka tisa hakuna aliyelalamika. Mgonjwa ambaye uvimbe umemrudia hudhani ni saratani yake tu ilikuwa kali. Kosa lilijulikana kompyuta mpya ilipoletwa.

Mifano hiyo miwili ina jambo moja linalofanana: hesabu ilikaguliwa na njia ileile iliyoizaa, au haikukaguliwa kabisa. Tangu mwaka 1969 Shirika la Nguvu za Atomiki na Shirika la Afya Duniani hutuma kwa posta vidonge vidogo vyenye unga wa floridi ya lithiamu, na tangu 2017 vijiti vidogo vya kioo maalumu, kutoka maabara ya Seibersdorf karibu na Vienna. Hospitali huviweka ndani ya maji, huvipa grei 2 kwa hesabu zake yenyewe, na kuvirudisha. Kidonge hakina hewa ndani yake, hakijui Tabora iko juu au chini, na ndiyo faida yake. Matokeo yakipishana kwa zaidi ya asilimia 5, hospitali huarifiwa na kazi ya kutafuta chanzo cha tofauti huanza.

Mzee mmoja aliyeketi pale mbele ameniuliza kabla ya kikao kama mkoa wetu ukipewa mashine tutakuwa tayari. Zege la kuta litajengwa, na mashine itasimikwa na walioiuza. Mimi ningeomba viorodheshwe mapema chemba mbili badala ya moja, wataalamu wawili wanaopima kila mmoja bila kuona namba za mwenzake, kipimajoto kinachoingia majini, na barometa inayolinganishwa kila mwaka na ile ya kituo cha hali ya hewa hapa mjini. Na anayetumwa kituoni aombe namba ya mgandamizo kabla haijarekebishwa kuwa ya usawa wa bahari. Akirudi na namba inayozidi kilopaskali 95, arudi akaulize tena.