Kutoka Mdadisi Hadi Mtafiti: Ulezi wa Vijana wa Tabora Katika Utafiti wa Sera

MAMA NEEMA: Karibuni wasikilizaji. Mimi nimestaafu nikiwa afisa mipango wa halmashauri, na mwenzangu hapa ni Mwalimu, ambaye anafundisha mbinu za utafiti katika chuo kimoja cha hapa Tabora mjini. Leo tunazungumzia wanafunzi wanaotaka kuingia katika utafiti wa sera za umma, na hasa wajibu wa sisi tuliotangulia kuwalea. Mwalimu, shikamoo yangu huwa huitaki, basi nikuulize tu: vijana wako wakimaliza, wanakwenda wapi?

MWALIMU: Hatujapishana sana kwa umri, Mama Neema, ndiyo maana naikataa. Wengi wanatazama mashariki. Taasisi za utafiti wa sera ambazo majina yake wanayakuta katika ripoti wanazosoma, kama REPOA na ESRF, zilianzishwa Dar es Salaam katika miaka ya 1990 na bado ziko huko. Ofisi ya Taifa ya Takwimu ina makao yake makuu Dodoma. Kwa hiyo kijana wa Uyui au Sikonge hukutana na utafiti kwa mara ya kwanza akiwa mdadisi. Anapewa kishikwambi chenye dodoso lililoandikwa na watu asiowafahamu, anazunguka kaya kwa kaya, analipwa posho yake, na data zikishapakiwa hazioni tena.

MAMA NEEMA: Hiyo si shule, mwalimu? Mimi nimefanya kazi na vijana waliopita katika udadisi, na walikuwa wakijua kaya ni nini kuliko wenye shahada mbili.

MWALIMU: Ni shule, lakini ni ya darasa moja. Tabora hii ina historia yake. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba pembe za ndovu kutoka hapa hadi pwani, na bei ilipangwa na wengine. Mdadisi asiyeonyeshwa kinachofanyika baada ya yeye kubonyeza kitufe cha kutuma yuko katika msafara wa namna hiyo. Ninachodai ni kwamba mlezi amshike kijana mkono katika swali moja, hata likiwa dogo kiasi gani, kuanzia kulitunga hadi kulifikisha mezani kwa mtu mwenye mamlaka ya kuamua. Akishafika mwisho mara moja, udadisi wake unaofuata atauona kwa jicho jingine.

MAMA NEEMA: Basi tuchukue mfano, maana tukiendelea hivi tutazungumza hewani. Mada ninayoiona sana katika maandiko ya wanafunzi ni mikopo ya asilimia kumi.

MWALIMU: Mada nzuri sana. Kwa wasikilizaji wasiofuatilia, tangu mwaka 2018 sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, ukiondoa yale yaliyolindwa kisheria, kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Utoaji wake ulisitishwa mwaka 2023 ili utaratibu utazamwe upya, ukarejeshwa mwaka 2024. Sasa mwanafunzi hunijia na kichwa kama hiki: "Mchango wa mikopo ya halmashauri katika maendeleo ya wanawake mkoani Tabora." Mkoa mzima, wanawake wote, maendeleo yote.

MAMA NEEMA: Na ana miezi michache na nauli ya kufika kata mbili.

MWALIMU: Ndivyo ilivyo. Mlezi mvivu atamwambia "punguza wigo" na kumrudishia karatasi. Mimi humketisha na kumuuliza maswali. Utawahoji akina nani? Atajibu: vikundi vilivyopata mkopo. Je, vilivyoomba vikanyimwa viko wapi? Hapo hunyamaza. Kikundi kilichopata mkopo huenda kilikuwa na duka tayari, katibu anayejua kuandika andiko la mradi, na akaunti benki, kiasi kwamba kingepiga hatua hata bila fedha ya halmashauri. Ukiwatazama waliopata peke yao, utaisifu sera kwa kazi iliyofanywa na hali waliyokuwa nayo kabla. Kijana akilielewa jambo hili kwa kulisumbukia mwenyewe, hatalisahau, na atalitafuta katika kila ripoti atakayoisoma.

MAMA NEEMA: Na orodha ya walionyimwa ipo. Afisa maendeleo ya jamii wa kata anapokea maombi, na yanayokwama huwa na sababu zake. Tatizo ni kwamba hakuna anayekwenda kuyafungua hayo majalada. Mimi ningemwambia kijana aache kabisa neno "maendeleo" na aulize: katika kata hii, kikundi kilichoomba kilichukua muda gani hadi kupata jibu, na ni hatua ipi iliyokula muda mwingi zaidi? Swali hilo linajibika. Tena mkurugenzi akilisoma jibu lake, anajua siku ya pili amwite nani ofisini.

MWALIMU: Ongeza na msimu. Huku kwetu, Urambo na Kaliua, mkulima wa tumbaku hushika fedha masoko yanapofunguliwa baada ya mavuno. Ukimuuliza kuhusu marejesho ya mkopo wakati huo, atakujibu kwa uchangamfu. Ukimuuliza Januari, wakati pembejeo zimemaliza akiba na chakula kinapungua ndani, utapata jibu jingine kutoka kwa mtu yuleyule. Kitabu cha mbinu za utafiti kitakufundisha ukubwa wa sampuli, lakini kalenda ya tumbaku kitakuachia ujifunze mwenyewe. Hapa ndipo mwanafunzi wa Tabora anapomzidi mtafiti anayekuja kwa wiki moja, na mlezi anapaswa kumwambia hivyo waziwazi, kwa sababu wengi wanadhani ujuzi wa nyumbani hauhesabiki kuwa ujuzi.

MAMA NEEMA: Na yule asiye na nauli kabisa?

MWALIMU: Aanze na takwimu zilizokwisha kukusanywa. Sensa ya mwaka 2012 iliuhesabu mkoa wa Tabora kuwa na watu 2,291,623, na ile ya mwaka 2022 ikahesabu 3,391,679. Tumeongezeka kwa karibu nusu ndani ya miaka 10. Katikati ya kipindi hicho, mwaka 2016, utekelezaji wa elimu bila malipo ulianza. Sasa mpe kijana takwimu za uandikishaji wa shule za msingi na umuulize ni sehemu gani ya msongamano darasani imeletwa na sera, na ni ipi imeletwa na watoto kuzaliwa wengi na familia kuhamia. Hana haja ya kutoka chumbani kwake, na atatoka jasho.

MAMA NEEMA: Tuseme kidogo kuhusu vibali, maana vijana huchomwa hapo.

MWALIMU: Kidogo tu, kwa sababu utaratibu unajulikana. Barua ya chuo inakwenda kwa katibu tawala, inashuka kwa mkurugenzi, kwa mtendaji wa kata, hadi kijijini. Kila ngazi inabaki na nakala. Mtafiti kutoka nje ya nchi anahitaji pia kibali cha COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia. Kuhusu kutangaza takwimu, Sheria ya Takwimu ya mwaka 2015 ilifanyiwa marekebisho mwaka 2018 yaliyowatia watafiti hofu, kisha ikalegezwa mwaka 2019. Mlezi aisome pamoja na mwanafunzi, asimwachie uvumi.

MAMA NEEMA: Mimi linaloniuma liko mwisho wa safari. Nikiwa ofisini nililetewa tafiti nzuri mwezi Mei. Mwezi Mei bajeti ya halmashauri imekwisha kupita kwa madiwani, imepanda juu, na Bunge liko Dodoma linapitisha mafungu ya wizara. Mwaka wa fedha unaanza Julai mosi. Ningefanya nini na karatasi hiyo? Mwongozo wa bajeti hutoka mwishoni mwa mwaka wa kalenda, na sisi tunashinda Januari tukipanga. Matokeo yakinifikia Novemba, hata yakiwa na mapungufu, yana mahali pa kuingia. Sijawahi kuona chuo kikiipanga kalenda ya maandiko yake kwa kuitazama kalenda ya bajeti.

MWALIMU: Hilo ni kombora kwetu sisi wa vyuo, nalipokea. Lakini nanyi mnapenda kurasa 2, wakati chuo kinadai 80.

MAMA NEEMA: Ziandikwe zote mbili! Hizo 80 zikae maktaba, na mlezi amfundishe kijana kuandika muhtasari wa sera ambao aya yake ya kwanza inataja kinachopaswa kubadilishwa, nani akibadilishe na kitagharimu kiasi gani. Gharama ndiyo wanayoisahau. "Serikali iongeze juhudi" si pendekezo, kwa sababu hakuna kifungu cha bajeti kinachoitwa juhudi.

MWALIMU: Na jina la kijana lionekane. Nimeshuhudia kazi ya mwanafunzi ikiingia katika chapisho la mkubwa wake, na yeye akashukuriwa katika tanbihi pamoja na dereva. Makubaliano kuhusu uandishi yafanywe kabla data ya kwanza haijakusanywa, na yaandikwe. Najua kwa mila zetu ni vigumu kijana kumwambia mkubwa "tuandikiane", ndiyo maana mkubwa ndiye anayepaswa kuanza kulisema.

MAMA NEEMA: Tumalizie na swali la msikilizaji wetu wa Nzega, binti wa mwaka wa tatu. Anauliza amwandikie nini mtafiti asiyemfahamu, ili akubali kumlea.

MWALIMU: Asiandike kwamba anaupenda utafiti, maana barua zote zinasema hivyo. Aandike ukurasa mmoja wenye swali moja linalohusu Nzega, jedwali moja alilolitengeneza mwenyewe kutokana na takwimu za wazi, na sentensi chache zinazoeleza mahali alipokwama. Mtafiti hawezi kukataa kirahisi kumjibu mtu aliyekwama mahali panapoeleweka.

MAMA NEEMA: Na asiombe "ulezi" siku ya kwanza. Aombe nusu saa ya simu kuhusu lile jedwali, na akishajibiwa arudi baada ya wiki mbili na jedwali lililorekebishwa.