Simu Mbili za Soko la Majengo

Ndugu zangu wa Dodoma, wakubwa shikamooni, vijana hamjambo. Walionisikia siku za nyuma wanajua ninakoelekea: je, makundi makubwa ya biashara, kampuni moja inayomiliki nyingine nyingi, yanasaidia ubunifu au yanauzuia? Kwa hiyo sitawachosha na kampuni mama ni nini na kampuni tanzu ni nini. Twendeni sokoni.

Miaka kumi na kitu iliyopita, pale Soko la Majengo, nilikuwa na mama mmoja ninayenunua nyanya kwake. Alikuwa na simu mbili zimefungwa pamoja kwa mpira wa manjano, ule wa kufungia noti. Moja ya wateja wa mtandao huu, nyingine ya mtandao ule. Nyanya zake zilitoka Ilula, na mkulima wa Ilula naye alikuwa na laini ya mtandao wa tatu. Basi mama anatoa pesa kwa wakala, anakatwa. Anavuka barabara, noti mkononi, anaziweka kwa wakala mwingine, ndipo anamtumia mkulima, anakatwa tena. Pesa ileile, asubuhi ileile, na meza ya nyanya haina mtu.

Nisikilizeni vizuri hapa. Mitandao ile ilikuwa ya makundi makubwa ya biashara. Wahandisi walikuwepo, mitambo ilikuwepo, mtaji ulikuwepo; M-Pesa yenyewe, ya Vodacom, iliingia nchini mwaka 2008. Kilichokosekana ni sababu ya kumfanya mkubwa afungue ukuta wake, maana mteja aliyekuwa ndani hakuweza kutoka bila kuumia. Mwaka 2014 Tigo, Airtel na Zantel wakakubaliana pesa zivuke kutoka mtandao mmoja hadi mwingine. Vodacom akaingia 2016. Tulikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kabisa Afrika kufika hapo. Nilipomkuta mama yule baadaye alikuwa na simu moja, na mpira wa manjano amefungia mfuko wa pilipili.

Najua kuna atakayeniambia: "Mwalimu, unawasakama wakubwa, na bila wao hata hiyo huduma isingekuwepo." Kweli, isingekuwepo, na sijawahi kusema vinginevyo! Kusambaza mawakala mpaka vijijini kabla hujaona faida kunataka mfuko mrefu. Samsung ilianza mwaka 1938 huko Daegu, Korea, kwa kuuza samaki wakavu na tambi. Ilipoamua mwaka 1983 kutengeneza chipu za kumbukumbu za kompyuta ilipata hasara miaka kadhaa, na biashara nyingine za kundi ndizo zilizoibeba. Fundi wa karakana moja angefunga mlango mwezi wa tatu. Lakini chipu zile zilikwenda kuuzwa nje, kwa wanunuzi ambao Wajapani walikuwa tayari wanawauzia. Kundi lilikuwa na mtaji, na lilikuwa na wa kumwogopa. Hilo la pili ndilo tunalolisahau kila tunaposhangilia kampuni kununua kampuni.

Hilo la kuwa na wa kumwogopa, Wamarekani walilazimika kulitafutia sheria. Transista, kile kifaa kidogo kinachoongoza umeme ndani ya redio na kompyuta, ilivumbuliwa mwaka 1947 katika maabara za Bell, za kundi la AT&T lililoshika simu karibu nchi nzima. Kesi ya serikali dhidi ya kundi hilo iliisha mwaka 1956 kwa makubaliano kwamba hataza zake za wakati huo, yaani haki za kumiliki uvumbuzi, wengine waruhusiwe kuzitumia bila malipo.

Muda umenitupa mkono. Alizeti, basi, kwa haraka. Fundi mmoja wa hapa mjini amerekebisha skrubu ya mashine ya kukamua. Alinimwagia mashudu, makapi yanayobaki baada ya kukamua, kiganjani: ya mashine ya zamani ukiyafinya vidole vinang'aa mafuta, ya kwake yalikuwa makavu kama pumba. Kampuni moja kubwa, yenye kiwanda, malori na maduka ya jumla, ikanunua mashine mbili kwa sharti asimuuzie mtu mwingine. Ana watoto wanasoma, akatia sahihi. Wakamuaji wadogo wa Kibaigwa mpaka leo wanakamua na kuacha mafuta ndani ya mashudu.

Tume ya Ushindani, chombo cha serikali cha kulinda ushindani wa biashara, tunayo, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 tunayo. Ninachoomba, na nitaendelea kuomba, ni kwamba mkataba kama ule wa fundi uangaliwe kwa uzito uleule tunaoangalia nao bei ya mafuta dukani. Zabibu sikuzifikia. Wakulima wa Hombolo mliokuja kwa ajili hiyo, nisubirini hapo nje, sitaondoka kabla hatujazungumza.