Hakuna Uvimbe wa Kuyeyusha

Mhadhara kwa akina mama, Mikindani, Mtwara

Shikamooni mama zangu. Wadogo zangu, hamjambo? Haya nilishayasema mwaka jana humu humu ukumbini. Narudia, maana makopo ya dawa za kuyeyusha uvimbe kwenye mayai hayajapungua.

Hili hapa moja: "Huyeyusha uvimbe kwenye mayai." Halisemi ndani mna nini, wala linaharibika lini. Aliyeniletea ni binti wa Newala, kanunua matatu kwa hela ya korosho. Ana tatizo la homoni ambalo hospitali wanaliita PCOS. Sasa, uvimbe gani? Vile vidoti alivyoonyeshwa kwenye ultrasaundi ni vifuko vya mayai vilivyoanza kukua vikaishia njiani, kwa kuwa homoni zimevurugika: za kiume zimezidi, na mara nyingi insulini, homoni ya kushusha sukari, nayo haifanyi kazi yake sawasawa. Unayeyusha nini hapo?

"Lakini mwalimu, ni miti shamba tu." Nawasikia mnavyonong'ona. Haya, nani hapa amewahi kubangua korosho kwa mkono mtupu? (Vicheko.) Mkorosho nao si mti? Mbona mafuta ya ganda lake yanakubabua mpaka ngozi inatoka? Na msiseme nachukia miti. Metformin, dawa ya kisukari ambayo hata wenye tatizo hili mnapewa hospitali, asili yake ni mmea wa Ulaya, Galega officinalis, ambao kondoo wakiula kwa wingi wanakufa. Wanakemia wakatengeneza maabara, mwaka 1922, kitu cha ukoo ule ule kisicho na sumu kali kama ile, na Ufaransa wakaanza kutibu nacho kisukari mwaka 1957. Kidonge kimeandikwa miligramu zake. Kopo hili kijiko kimoja kina nini? Muuzaji mwenyewe hajui!

Turudi kwa binti. Miezi minne hajaona siku zake. Kila akiuliza anaambiwa, "Endelea, dawa inasafisha kizazi." Nikampima mkojo. Mistari miwili! Mama zangu, mtoto wa watu ana mimba, anabugia unga asioujua. Hakuna aliyemwambia kwamba mwenye tatizo hili si tasa, yai linaweza kupevuka mwezi wowote bila kubisha hodi. Na kwa harufu tu, humu mna uwatu, ambao mjamzito hatakiwi kuunywa kama dawa.

Mratibu ananikazia macho, basi niharakishe. Haya mengine mnayotumia kwa tatizo hili. Chai ya mnanaa: kuna utafiti mdogo wa siku 30 ulioona homoni za kiume zinashuka, ila vinyweleo vya kidevuni vinavyoletwa na homoni hizo, daktari hakuona vikipungua. Ukiipenda, kunywa. Mdalasini kwenye pilau, sawa; vijiko kila siku, ule wa aina ya kasia unaweza kukuchosha ini. Uwatu juu ya metformin, sukari inaweza kushuka ukaanguka, kwa hiyo mwambie daktari unachokunywa, usimfiche. Berberini, dawa inayokamuliwa kwenye mimea fulani, mjamzito asiiguse. Mlonge siku nyingine.

Wewe dada wa kanga ya kijani, hicho unachokificha mkobani ni kopo? Lilete hapa mbele tulisome.