Bustani Mbele ya Kusi

Assalaam alaykum, na habari za jioni. Ahsanteni kwa kuja, hasa nyinyi mliohamia karibuni upande huu wa mashariki wa Unguja, wengine kutoka mjini, wengine kutoka bara. Nimeombwa nizungumzie jinsi ya kuanzisha bustani, na naona baadhi yenu mmeshika kalamu mkisubiri majina ya miche. Majina yatakuja baadaye. Kwanza tuzungumze habari ya upepo, kwa sababu huku kwetu, Paje, Jambiani mpaka Makunduchi, miche mingi inayokufa haiuawi na wadudu. Inauawa na upepo wenye chumvi.

Kisiwa chetu kina pande mbili. Mikarafuu na mashamba yenye udongo wa kina yako magharibi na katikati, na huko ardhi yenyewe inawakinga. Sisi tumeikabili bahari uso kwa uso. Kusi huanza kuvuma kuanzia Aprili hivi, na Juni hadi Agosti ndipo huwa na nguvu hasa. Hutoka kusini-mashariki, hupita juu ya mwamba wa nje pale mawimbi yanapopasuka, kisha hutuletea matone madogo ya maji ya bahari mpaka madirishani. Desemba inapoingia huja Kaskazi, nayo hutupiga kwa ubavu. Kwa hiyo kinga ya upande mmoja haitoshi. Nyumba iliyo karibu na pwani inataka kinga inayopinda kona, itazame kusini-mashariki na kaskazini-mashariki pia.

Msidhani wa magharibi wamesamehewa kabisa. Aprili 1872 kimbunga kilipiga Unguja kikang'oa sehemu kubwa ya mikarafuu. Pemba ilinusurika kwa kiasi kikubwa, na hiyo ni sababu mojawapo ya Pemba kuongoza kwa karafuu tangu hapo.

Sasa, mtu akinunua kiwanja huku, jambo la kwanza anajenga ukuta wa matofali. Naelewa: kuna wezi, kuna mbuzi. Lakini kwa bustani ukuta mzima ni kinga mbovu. Upepo ukigonga ukuta haupiti, unapanda juu, halafu unaporomoka upande wa pili ukizunguka. Nendeni Julai mkasimame ndani ya kiwanja cha namna hiyo, hatua chache kutoka ukutani. Mtaona mifuko ya plastiki inazunguka duara, na mchicha umelala huku na huku, kila shina na upande wake. Upepo ungekuwa wa upande mmoja, ungelala upande mmoja.

Kinga nzuri inavuja. Inaruhusu karibu nusu ya upepo upite, lakini upite umechoka. Ua wa makuti ambao wazee wa hapa wamekuwa wakiufunga tangu zamani unafanya kazi hiyo hiyo, na kwa bei ndogo. Nafuu yake hufika mbali: kwa kukadiria, mara kumi ya urefu wake. Ua wa mita 2 utakupa ahueni mpaka kama mita 20 nyuma yake, ingawa nguvu yake inapungua kadiri unavyokwenda. Mwenye ukuta tayari asiuvunje, jamani. Afunge ua wa makuti ndani, mbali kidogo na ukuta, na vitanda vya mboga viwe nyuma ya huo ua.

Makuti yanaoza, yanataka kubadilishwa. Kwa hiyo nyuma ya makuti, au mbele yake ukiwa na nafasi, panda kinga iliyo hai. Mvinje unakua haraka, unavumilia chumvi na mchanga mtupu, na mizizi yake inajitengenezea mbolea ya naitrojeni kwa msaada wa vijidudu vya udongoni. Ila una tabia mbili. Sindano zake zinatandika zulia zito ambalo mboga hazipendi kuota chini yake. Halafu ukikua unavua matawi ya chini, upepo unapita kati ya mashina kana kwamba mlango umeachwa wazi. Ndiyo maana mivinje peke yake haitoshi. Iweke safu ya nje kabisa, na chini yake jaza mikadi na vile vichaka vya majani manene vinavyoota vyenyewe juu ya fungu la mchanga. Kama fundi wako anataka kuving'oa ili pwani ionekane vizuri kutoka barazani, mzuieni. Mkungu pia unafaa. Mnyaa ni ua mzuri dhidi ya mbuzi, lakini utomvu wake ukiingia jichoni ni balaa, kwa hiyo wenye watoto wadogo wafikiri mara mbili.

Miti ya kinga ipandwe Masika. Inataka mvua, na Kusi inayofuata itaivumilia. Miti ya matunda mimi naiweka mpaka Vuli, wakati kinga imeshashika. Nitakuwa na kazi ya kubeba ndoo Januari na Februari, lakini mche wa mdimu utakuwa umepata miezi kadhaa ya kujikita kabla Kusi haijarudi.

Tuje kwenye ardhi. Ardhi, nasema kwa heshima tu, kwa sababu sehemu kubwa ni mawe ya matumbawe yenye udongo kiganjani hapa na pale. Mkulima wa Makunduchi hatafuti shamba tambarare. Anatafuta mifuko ya udongo katikati ya mawe na kupanda humo humo. Fanyeni hivyo. Piteni kiwanjani na mtaimbo, mchome, msikilize. Palipolia jiwe tupu wekeni njia au meza ya chai. Palipozama pandeni. Na migomba inawezekana huku, msikatishwe tamaa: Makunduchi kila Julai kwenye Mwaka Kogwa, sikukuu ya mwaka mpya wa jadi, watu wanapigana kwa vigogo vya migomba.

Jambo moja linawasumbua sana wageni. Mtu analeta mazoea ya alikotoka, anamwaga majivu ya jikoni kwenye mashina. Kwenye udongo wenye uchachu majivu yanasaidia. Hapa jiwe lenyewe ni chokaa, na majivu yanazidisha pale pale palipozidi. Mmea unashindwa kufyonza madini ya chuma ingawa yamo. Utaona majani machanga yamekuwa manjano na mishipa imebaki kijani, hasa kwenye ndimu na malimau. Dawa yake ni mboji na samadi iliyooza, kwa wingi, mwaka hadi mwaka. Shimo la mti lichimbwe pana, chini uweke makumbi ya nazi ambayo yatakaa na maji muda mrefu. Kama makumbi yamelowekwa baharini kwa ajili ya usumba, yaani nyuzi za kusokota kamba, yaoshwe kwanza.

Mwani nao tunao. Tangu kilimo chake kianze huku mwishoni mwa miaka ya 1980, kila pwani ina mabaki yaliyokatika kwenye kamba. Ni mbolea nzuri, ila usiuzike siku hiyo hiyo. Utandaze Masika unyeshewe, chumvi iondoke, ndipo uuchanganye na mboji.

Maji ya kisima yaonjeni. Chini yetu maji matamu yanaelea juu ya maji ya bahari. Ukivuta kwa pampu kwa pupa, yale ya chumvi yanapanda. Onja asubuhi kabla ya kuvuta, onja tena baada ya pampu kufanya kazi. Yakibadilika, punguza. Maji yenye chumvi kidogo yamwagwe kwenye shina, yasiguse majani. Na paa la bati mlitumie: milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1, kwa hiyo mvua ya milimita 20 juu ya paa la mita 100 za mraba inakaribia lita 2,000. Hayo muyahifadhi kwa miche michanga, na kwa kuosha majani ya mdimu baada ya siku ya upepo mkali.

Basi, majina. Mwaka wa kwanza: mchicha, matembele, bamia, mlonge pembeni. Maharage msijaribu na maji ya kisima, hayapatani na chumvi hata kidogo. Mpapai uwe karibu na nyumba upande wa magharibi, kwa sababu shina lake ni laini na upepo unalivunja likiwa na matunda. Mnazi popote, mradi si juu ya paa la jirani.

Naona mkono pale nyuma. Karibu, bi, uliza.